Mwalimu, wadukuzi waache kwanza, fundisha watoto kulogauti

Mwalimu umeuliza uanzie wapi kufundisha wanafunzi usalama wa mtandaoni na shule haina hata shilingi ya kununua programu. Mie nimeshika saiba, duka la intaneti, Mwembe Tayari hapa Mombasa miaka sita, saa hii naangalia maabara ya kompyuta ya shule moja huku Likoni, na ntakwambia tu anza na kulogauti, yaani kujitoa kwenye akaunti ukimaliza.

Msimu wa kuomba HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo ya chuo, alikuja binti na mamake, akajaza fomu, akaprinti, wakatoka mbio kuwahi feri. Mteja aliyekaa mashini ile ile akaniita, "kaka, hii imeli ya nani?" Kuangalia, imeli iko wazi, na kwenye folda ya daunilodi kuna kitambulisho cha mamake mbele na nyuma, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE ya kidato cha nne, na chini yake vya watu wengine chungu nzima wa siku ile ile. Mie nilikuwa nafuta kila jioni, lakini ni saiba ngapi zafuta?

Wala usidhani ni watoto tu. Shuleni mwalimu mmoja alifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya maabara atoe makaratasi ya mtihani, kengele ikalia akaenda zake. Alhamisi jioni grupu la wazazi likapata ujumbe kutoka namba yake mwenyewe, eti kesho hakuna shule. Ijumaa nusu ya darasa hawakuonekana hahaha. Kuambiwa, akazima simu, aona ndio ameshaifunga. Wapi! WhatsApp ya kompyuta siku hizi yaenda yenyewe hata simu ikiwa imezimwa, lazima ulogauti pale pale kwenye kompyuta, au uingie kwenye simu, pale kwa vifaa vilivyounganishwa, uitoe ile kompyuta kwa mkono. Nilipomfungulia tukakuta kompyuta tatu, moja ya saiba ya wiki iliyopita.

Kwa hivyo wanangu nimewazoesha hivi, kwenye Chrome kabla hujaingia popote bonyeza Ctrl+Shift+N, lafunguka dirisha jeusi lisiloweka kumbukumbu, na likifungwa lote akaunti nayo yatoka. Lakini faili ulizodaunilodi zabaki, hizo ufute mwenyewe, na kwenye kapu la takataka pia.

Lingine ni zile namba sita za kufungulia akaunti ya WhatsApp zinazokuja kwa SMS, mtu akikwambia "nimekutumia kwa makosa nirudishie" hata kama ni namba ya rafiki yako usimpe, huenda huyo rafiki ashaibiwa yake. Weka na pini ya hatua mbili, ni bure.

Paswadi ya mashini zenu kama ni jina la shule na 123 badilisha leo leo, nimeikuta hivyo shule mbili. Na flashi ya mwanafunzi ukiifungua ukaona kila folda imegeuka shotikati (njia ya mkato) ya KB 1, hiyo ni virusi, usibonyeze, faili zake kwa kawaida zimefichwa tu, ziko. Chomoa uniandikie hapa.