Pedeli ya klachi inashuka nusu bila kushika: usishushe giaboksi kwanza

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Hilux ya dizeli ya 1996, nabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Igoma, hapa Mwanza. Pedeli ya klachi inashuka karibu nusu kabla haijashika, na rivasi inakwaruza sana kuingia. Nimeambiwa pleti ya klachi imekwisha, tushushe giaboksi. Ni kweli?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Giaboksi iacheni kwanza. Pleti ikiisha, klachi inateleza: unapanda kilima cha Bugando na mzigo, injini inapiga kelele lakini gari halivuti. Yako ni kinyume chake. Klachi haiachii yote, ndiyo maana rivasi inakwaruza, na chanzo chake mara nyingi kiko kati ya mguu wako na slevu, ile silinda ndogo kwenye giaboksi inayosukuma uma wa klachi.

Zima injini, simamisha rula sakafuni kando ya pedeli, uisukume kwa mkono hadi usikie ugumu wa kwanza. Usitumie mguu, una nguvu mno kwa kipimo hiki. Huo mwendo mtupu ndio plei; kwa Toyota nyingi za umri huo ni milimita 5 hadi 15.

Sasa lala chini ya dashibodi na tochi, mwenzako asukume pedeli taratibu. Kodolea macho pini inayoshika pedeli na fimbo ya masta, silinda ya juu inayosukuma mafuta kwenda kwenye slevu. Kwenye gari la miaka hiyo ni kawaida kukuta pini imelika katikati hadi imefanya kiuno, na tundu lake limepanuka upande mmoja: pedeli inatembea, fimbo imetulia. Badilisha pini na bushi. Kurefusha fimbo wakati pini imelika ni kuficha ugonjwa.

Pini ikiwa nzima, legeza nati ya fimbo, mara nyingi ni spana namba 12, uizungushe fimbo hadi plei yake peke yake, ikipimwa kwenye pedeli, iwe milimita 1 hadi 5. Usiimalize yote, nakusihi. Pistoni ya masta isiporudi hadi mwisho inaziba kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kikopo. Presha inabaki ndani, beringi ya klachi inasukumwa muda wote, klachi inaanza kuteleza. Hapo pleti itaisha kweli.

Fimbo iko sawa? Ingia upande wa mafuta. Kanyaga mara tatu nne mfululizo. Pedeli ikianza kushikia juu, kuna upepo, na upepo una pa kuingilia. Funua mpira wa vumbi wa slevu: ukiwa umelowa, sili imekufa. Papasa nyuma ya masta ndani ya kabini, hadi kwenye kapeti. Mwambie mwenzako akanyage huku wewe umeshika hozi ya mpira. Ikivimba mkononi, badilisha. Pote pakiwa pakavu, lakini ukishikilia pedeli chini kwenye foleni gari linaanza kujivuta, masta inavujia ndani kwa ndani.

Kabla ya kununua mipira mitupu, kagua ukuta wa silinda. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na huku ziwani upo wa kutosha. Yakikaa miaka yanatia kutu, na mipira mipya juu ya vidonda vya kutu haidumu. Hapo nunua masta nzima. Weka DOT 3 kutoka chupa iliyofungwa, kamwe si oili ya injini wala ya hidroliki, maana zinavimbisha mipira. Kutoa upepo: mmoja akanyage taratibu na kushikilia, mwingine afungue nipo ya slevu (kizibo cha kutolea upepo) yenye mrija wa mpira uliozama kwenye chupa ya mafuta, aifunge kabla pedeli haijaachiwa. Rudieni hadi mapovu yakome, kikopo kisikauke katikati ya kazi.

Baada ya yote hayo, slevu ikisukuma uma vizuri na rivasi bado inakwaruza, sasa shusheni giaboksi: kagueni uma na egemeo lake, na pleti kama imenata kwenye shafti. Na kwa kuwa mmeshafungua, badilisheni pleti, presha (sahani inayobana pleti) na beringi kwa pamoja.