Jibu: Laptop ikichomekwa, redio ya 7 MHz inanguruma

Mkuu wa Nyegezi, umesema ukichomeka laptop mngurumo unapanda hadi S7 kwenye mita ya nguvu ya mawimbi na stesheni za 7 MHz zinazama, mpaka unataka kuuza redio. Usiuze. Chomoa chaja ukutani kabisa, laptop iendelee kwa betri yake. Mngurumo ukikata, mchawi ni chaja, na mara nyingi ndiye yeye. Hata sikio linamtambua: ukizungusha masafa unakuta vilima vya kelele kila baada ya kHz 60 hadi 100 hivi, na vinahamahama.

Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 19. Ndiyo hiyo inayofanya laptop ya bati ikuchonyote ukiipitishia kidole. Kelele hupenya humo, ikatoka kwenye nyaya zote mbili kwa mwelekeo mmoja, na waya wa chaja ukawa antena.

Dawa ni feraiti, kile kipande cheusi cha sumaku kinachovishwa waya kuzima kelele, aina ya 31 (namba ya mchanganyiko wake). Aina ya 43 ni bora zaidi kwa masafa ya juu kuliko haya. Kuvalisha feraiti mara moja tu, kama ile ya kebo ya skrini, 7 MHz ni bure. Zungusha waya: uzuiaji hukua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo mizunguko 5 ni kama mara 25 ya mmoja. Weka moja waya wa kwenda laptop, nyingine waya wa plagi, sentimita chache tu kutoka kwenye chaja. Nyaya zipite zote pamoja. Ukipitisha mmoja peke yake, mkondo wake unaishibisha feraiti.

Ethi, yaani waya wa ardhini, isikuumize kichwa sana. Kwenye mawe yetu ya Mwanza fimbo inagonga mwamba kabla haijazama. Faida iko kwenye antena: daipoli (antena ya waya iliyokatwa katikati) ya 7.1 MHz ni kama mita 20 ncha hadi ncha, isogeze mbali na nyumba kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Inapoungana na kebo, zungusha hiyo kebo ya antena (RG-58) mara 10 hadi 12 kwenye pete ya feraiti ya 31 yenye upana wa mm 61. Bila hiyo, ganda la nje la kebo linazoa kelele za ndani na kuzipandisha juu.

Laptop ikiwa kwenye betri na bado inapiga kelele, chomoa USB moja moja. Mluzi uliotulia karibu na 14.030 au 21.052 MHz ni waya wa mtandao, pengine wa jirani.

Ila ile mipasuko ya usiku, hasa mvua zikikaribia, ni radi za ziwani. Hizo hazina feraiti. Zikisogea, chomoa antena.