Kaka anataka mzimu wa baba uitwe useme nani kamuua

SWALI: Kamwene mchungaji, shikamoo. Nakuandikia toka huku Mafinga. Baba yetu kafariki mwezi wa nne, alikuwa anavaa gambuti asubuhi aende kwenye miti akaanguka palepale, tukamkimbiza hospitali hakufika. Sasa kaka mkubwa anasema kile kifo sio cha kawaida, kapata mganga anaita mizimu, eti baba atakuja aseme mwenyewe nani kamloga, na kila mtoto atoe mchango. Jina linalotajwa chinichini ni la shangazi. Mi nimeokoka nikakataa kutoa hela, kaka akanijibu mbona Samweli aliitwa akaja, na Biblia hiyohiyo inasema mchawi asiachwe aishi. Nimekosa la kumjibu. Halafu na kusafisha kaburi na kumwagia wazee pombe kidogo, nako ni dhambi?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba. Hela usitoe, hapo umefanya vizuri.

Kaka yako habari ya Samweli kaisoma nusu. Fungua 1 Samweli 28 umsomee yote bila haraka. Sauli mwenyewe ndiye aliyewafukuza wapiga ramli nchini, halafu siku Wafilisti wamemzunguka na Mungu hamjibu, si kwa ndoto wala kwa manabii, anajibadilisha nguo anaenda usiku kwa mama mmoja mpiga ramli wa Endori amwitie nabii Samweli aliyekwisha kufa, yaani mfalme anajificha kwa kitu alichokikataza mwenyewe! Na akapata nini? Dawa hakupewa, ushindi hakupewa, yule aliyetokea kama Samweli alimwambia tu kesho wewe na wanao mtakuwa pamoja nami, akaanguka chini kwa hofu, ikabidi yule mama amchinjie ndama na kumwokea mkate ndo akapata nguvu ya kuondoka. Kesho yake akafa kweli. Wakristo wanabishana kama yule alikuwa Samweli kweli au pepo kajifanya Samweli, Wasabato kwa mfano wanasimama na Mhubiri 9:5 kwamba wafu hawajui neno lolote, wengine wanasema Mungu aliruhusu mara ile moja. Mi naona kwa shida yenu hiyo ligi haina haja, maana 1 Mambo ya Nyakati 10:13 inasema wazi kwenda kule ni mojawapo ya makosa yaliyomuua Sauli. Sasa mtu anachukuaje kosa la marehemu analifanya kibali?

Twende kwenye Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi". Huo mstari ndo wenye hatari, huku kwetu wazee wa watu wamekatwa mapanga kwa maneno kama hayo. Mwambie kaka asome na Kumbukumbu la Torati 18, kuanzia mstari wa 10, mchawi yupo kwenye orodha lakini jirani zake humo humo ni mtazama bao na mtu awaombaye wafu, na Walawi 20:27 inataka mwenye pepo wa utambuzi, yaani anayeita mizimu, auawe. Kwa hiyo kwa sheria hiyohiyo anayoishika, wa kwanza kuguswa ni mganga wake anayemchangishia hela, shangazi hata hajafikiwa! Tena torati hiyo haikumhukumu mtu bila mashahidi wawili au watatu, Kumbukumbu 19:15, na sauti inayotoka gizani nyuma ya shuka sio shahidi. Na Paulo alipokutana na binti mwenye pepo wa uaguzi kule Filipi, Matendo 16, alimtoa pepo, binti hakuguswa, waliokasirika ni mabwana zake maana biashara imekufa.

Sasa nikuulize kitu ambacho hujaniandikia. Hayo mashamba ya miti yamekomaa? Na shangazi ana sehemu yake humo? Nauliza kwa sababu kesi nyingi za uchawi ninazoletewa, ukichimba kidogo unakuta mpaka wa shamba au mbao zinazosubiri lori. Kama ndivyo, itisheni kikao cha ukoo na mwenyekiti wa kijiji awepo, muongee mipaka. Na mtu mzima kuanguka ghafla asubuhi, presha na moyo hufanya hivyo kila siku, nendeni hospitali mliyompeleka mkaulize waliandika nini. Kaka akiendelea na mganga wake toa taarifa polisi mapema, Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na serikali ilishapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Wiki hii nenda kwa shangazi ukalale hata siku mbili, watu wakuone upo naye.

Kaburi safisha, panda maua, jengea hata tofali ukiwa na uwezo, hiyo ni heshima tu. Ila pombe ya kumwagia wazee ili wawape mvua au kazi, hapo ushaanza kuwaomba wafu, iache.