Wakutubi wapya, msiende kwenye bajeti na hesabu ya vitabu

Msimu wa mikutano ya bajeti za wilaya hapa Uganda umeingia, na tena tunawasikia wadogo zetu wakisimama na hotuba ileile. Maktaba ni hazina ya maarifa. Taifa lisilosoma halina kesho. Watu wanapiga makofi, mwenyekiti anashukuru, soda zinanywewa, na fungu la maktaba linabaki pale pale lilipokuwa mwaka jana.

Ndugu zetu, tunafurahi sana mmekuja. Kazi hii imekosa vijana kwa muda mrefu. Lakini mnarudia makosa ambayo tulishayalipia kwa gharama kubwa, na hatuwezi kukaa kimya tukiwatazama.

1. Jueni chungu chenu kinapikwa jiko gani. Maktaba ya Taifa ya Uganda, iliyoundwa kwa sheria ya 2003 kurithi Bodi ya Maktaba za Umma ya 1964, inashauri, inafundisha, inatoa namba za utambulisho wa vitabu (ISBN) na kuhifadhi machapisho ya nchi. Umeme wenu hailipi. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, maktaba za umma ziko mikononi mwa wilaya na manispaa, kwa kawaida chini ya idara ya maendeleo ya jamii. Anayepeleka kilio chote Kampala amebisha mlango usio wake.

2. Shikeni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 makisio hupitishwa kabla ya Mei kwisha. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hutoka wilayani katikati ya Novemba. Maana yake ni kwamba ombi lenu liwe limeandikwa na kuonwa na mkuu wa idara kufikia Septemba. Mwenye kuja mwezi wa nne anakuta ngoma imeshachezwa.

3. Barazani hamna sauti, kwenye kamati mnayo. Afisa hasemi mbele ya baraza ila Spika akimruhusu, na akiruhusiwa ni dakika chache wakati madiwani wanatazama saa. Kazi hufanyika kwenye kamati ya sekta, wiki kadhaa kabla. Mtafuteni katibu wa sekta, ambaye ni diwani mwenzao, mmpe ukurasa mmoja, herufi kubwa: takwimu tatu, ombi moja, gharama yake kwa shilingi. Mkimpa kurasa kumi na mbili ataziweka kwenye gari na zitakaa humo. Halafu subirini kumbukumbu za kikao, mzisome kabla hazijasainiwa. Ombi lisiloandikwa humo halifiki kwa kamati tendaji hata kama kila mtu alitikisa kichwa.

4. Hapa tukae kidogo, maana hili ndilo kosa linalouma, na ni letu sisi tuliotangulia. Tunalikiri mbele yenu.

Kwa miaka mingi tulipokea vitabu vya msaada bila kuchagua. Boksi likija, tunashukuru, tunapiga picha, tunafungua, tunapiga mhuri, tunaingiza kwenye rejesta. Tuliogopa kwamba tukikataa kimoja, mfadhili hatarudi. Tuliogopa pia rafu tupu, tukidhani rafu tupu ni aibu ya mkutubi. Basi tukazijaza.

Fungueni boksi la namna hiyo leo, mkitoa kitabu kimoja kimoja. Mwongozo wa kulipa kodi katika jimbo moja la Marekani. Ensaiklopidia juzuu ya 3, ya 7 na ya 11, nyingine hazimo. Kitabu cha kujifunza Windows 95. Atlasi ambayo Sudan ni nchi moja kutoka Misri mpaka mpakani kwetu, na ng'ambo ya Ziwa Albert pameandikwa Zaire. Mtoto wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa nchi, akiifungua atlasi hiyo hataiona Sudan Kusini, nchi jirani ambayo baadhi ya wanadarasa wenzake wametoka. Chini kabisa kuna vitabu sita vizuri vya watoto, safi, vyenye picha, na hivyo ndivyo vinavyotakiwa. Vilizikwa chini ya vile vingine, na vikifika rafuni vinazikwa tena, kwa sababu mita moja ya rafu hubeba vitabu kama 30 tu, na kitabu kilichokufa kinakula nafasi ileile ya kitabu kilicho hai.

Hasara ya nafasi ndiyo ndogo. Kubwa ni ile iliyotokea kwenye bajeti. Tulihesabu vyote, vilivyo hai na vilivyokufa, tukaandika kwenye ripoti kwa fahari: maktaba ina vitabu elfu nane. Tulidhani tarakimu kubwa ni heshima. Diwani akaisoma vizuri kuliko sisi. Akauliza: watu wenye vitabu elfu nane wanaomba pesa za vitabu vya nini, na kituo cha afya hakina dawa? Ni swali la haki. Hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwamba elfu nane ile ni jina tu, na jina hilo tulilitoa sisi wenyewe. Tarakimu ikishaingia kwenye ripoti ya wilaya inanakiliwa mwaka hadi mwaka. Fungu la vitabu likafutwa pole pole, na lililoliua ni hesabu yetu.

Na kurudi nyuma si rahisi. Kitabu kikishapigwa mhuri na kupewa namba ya rejesta ni mali ya serikali. Huwezi kukitupa, kukigawa wala kukiuza kwa kilo. Unaandika orodha, unasubiri bodi ya ukaguzi wa mali anayoiteua Afisa Mkuu wa Utawala mwishoni mwa mwaka wa fedha, bodi inakuja, inatazama, inapendekeza, na ruhusa ya kuondoa inaweza kuchelewa mpaka mwaka mwingine. Muda wote huo maboksi yako sakafuni, yameegemea ukuta, na mchwa hawasubiri bodi. Wanapanda kutoka kwenye ufa wa sakafu, wanaingia kwa chini ya boksi, na kwa nje huoni kitu mpaka uinue.

Kwa hiyo mhuri ndio wa mwisho, wala si wa kwanza. Fuateni mpangilio huu:

Kabla mzigo haujasafirishwa, ombeni orodha: kichwa, mwaka, idadi ya nakala. Mfadhili wa kweli hachukizwi na ombi hilo, na gharama ya kuleta kontena kutoka Mombasa kupita Malaba si ndogo kwa anayeilipa. Muwe na sera ya ukurasa mmoja, imesainiwa na mkuu wa idara, inayosema maktaba ina haki ya kukataa. Sera hiyo ndiyo inayobeba lawama badala yenu.

Mzigo ukifika, meza tatu. Ya kwanza: vinaingia. Ya pili: vinafaa kwa shule au kituo kingine, vipelekwe wiki hiyohiyo bila mhuri wetu. Ya tatu: havifai popote. Vya tiba na kompyuta, vikizidi miaka mitano vikagueni kwa jicho kali. Sheria, atlasi na takwimu, soma mwaka kwanza, jalada baadaye. Ensaiklopidia pungufu, meza ya tatu. Vitabu vya kiada, hata vya hapa hapa Uganda, viangalieni dhidi ya mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020. Cha mtaala wa zamani kinampoteza mwanafunzi wa S1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) huku akiamini anajisomea vizuri. Hadithi za watoto zilizo nzima, karibu zote zinaingia.

Baada ya hapo ndipo rejesta: tarehe, namba, mwandishi, kichwa, mchapishaji, mwaka, chanzo, thamani. Andikeni chanzo kila mara. Na maboksi yanayosubiri yainuliwe juu ya mbao, yasiguse ukuta.

Mliorithi rafu zilizojaa vitabu vilivyokufa, anzeni orodha ya kuondoa Januari, msingoje Juni bodi inapobisha hodi. Na kwenye ripoti, andikeni tarakimu mbili tofauti: vilivyomo kwenye rejesta, na vilivyoazimwa au kusomwa angalau mara moja kwa mwaka. Ya pili itakuwa ndogo na itawatia hofu. Iandikeni. Hiyo ndogo ndiyo inayoomba pesa.

5. Hesabuni watu. Jumla ya kitabu cha wageni haitoshi, kwa kuwa wasomaji wengi hupita bila kusaini. Hesabuni viti vilivyokaliwa mara tatu kwa siku, saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 alasiri, siku tano, wiki moja ya muhula na wiki moja ya likizo. Tuseme mna viti 30, na hesabu 15 za wiki zimefika jumla ya 390: wastani ni 26, yaani asilimia 87. Hapo mnaomba viti, na mna ushahidi. Vitabu vinavyosomwa humo ndani, waambieni wasomaji wasivirudishe rafuni bali waviache mezani; jioni mhesabu kabla ya kupanga. Na gawanyeni gharama: kama fungu ni shilingi 6,000,000 na mahudhurio ni 12,000, kila ziara imegharimu shilingi 500. Diwani anajua shilingi 500 hununua nini sokoni, hamhitaji kumfafanulia.

Msiwadharau wanaokuja na madaftari yao wenyewe, hasa watahiniwa wa Oktoba na Novemba. Hawaazimi kitu, kwa hiyo kwenye takwimu za kuazima hawaonekani, lakini wao ndio wanaojaza chumba. Mnawapa meza, taa na utulivu ambao nyumbani haupo.

6. Mkialikwa kuzungumzia mustakabali, semeni vitu vinavyoshikika. Tunasikia sana akili unde na mapinduzi ya kidijitali kutoka kwa wazungumzaji ambao maktaba yao haina soketi inayofanya kazi. Uganda ina historia nzuri ya kutaja. Nakaseke ilikuwa na kituo cha mawasiliano chenye maktaba, simu na kompyuta miaka ya mwisho ya 1990. Mwaka 2003 Maktaba ya Taifa ilishiriki kuendesha gari lililochapa vitabu visivyo na hakimiliki na kuvijalidi papo hapo mbele ya watoto. Maktaba ya jamii ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza 1999 na sanduku la vitabu, na mwaka 2007 maktaba za jamii zikaunda chama chao. Gertrude Kayaga Mulindwa alitoka kuongoza Maktaba ya Taifa yetu akaenda kuongoza AfLIA, umoja wa maktaba za Afrika wenye makao Accra. Watajeni hawa. Na Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO, toleo la 2022, inasema huduma za maktaba ya umma kimsingi ziwe bure. Kisomeni kifungu hicho mbele ya anayetaka mlipishe watoto kiingilio.

Lile gari la 2003, wazo lake halijazeeka. Hadithi za African Storybook, mkusanyo wa hadithi za watoto mtandaoni, zina leseni huria, nyingi ziko katika lugha zetu. Hadithi ya kurasa 16 ni karatasi nne za A4, zichapwe pande zote mbili na kukunjwa katikati, na jalada karatasi moja ngumu. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo mnabaki na kurasa tupu. Stepla ya mkono mrefu ikikosekana, matundu matatu na uzi wa kushonea viatu.

Kolibri na Kiwix, programu za masomo na vitabu vya kidijitali, hufanya kazi bila intaneti kwenye Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo ya bei nafuu. Kinachoiua ni umeme kukatika ghafla: kadi ya kumbukumbu inaharibika. Wekeni betri ya akiba, zimeni kwa utaratibu, na muwe na kadi ya pili iliyonakiliwa tayari kwenye droo. Wasomaji wakizidi kumi hivi, Wi-Fi yake ya ndani inaelemewa, ongezeni ruta.

Kamusi ya Kiswahili, nakala mbili, moja isiazimwe. Tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, inaulizwa kila wiki.

7. Mwisho, kumwalika kiongozi. Msimwite siku ya sherehe, viti vimekodishwa na watoto wameimbishwa. Mwiteni katibu wa sekta alasiri ya Oktoba, saa 10, juma la mitihani. Msimwandalie hotuba. Atakuta viti vimejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi na daftari mapajani, na mmoja anasoma amesimama dirishani kwa sababu taa ya pembeni imeungua. Mkabidhini lile daftari la hesabu ya viti na kalamu, ajaze mstari wa saa 10 kwa mkono wake.