Hita ya lita 50 na bafu la pili: yaliyonikuta nyumbani

Mkuu, umeuliza kama hita yako ya lita 50 itabeba na vyumba viwili pamoja na bafu unavyoongeza uani. Mimi nilipita humo humo hapa Tabora, nyumba iko Ipuli, na nilibakiza kidogo ninunue hita ya lita 100 kabla sijajua tatizo liko wapi.

Usihesabu vyumba, hesabu watu wanaooga ndani ya saa moja. Lita 50 zikipata moto wa nyuzi 60, ukazichanganya na maji baridi ya nyuzi 22 hivi, unapata lita mia na kidogo za kuogea. Bomba la mvua linalotoa lita 8 kwa dakika linazimaliza kwa dakika 13 tu. Anayeoga kwa ndoo anatosheka na lita 15, kwa hiyo hita hiyo hiyo inaogesha watu sita, hata saba. Ikiisha, elementi (koili ya ndani inayochemsha maji) ya wati 1,500 inataka kama saa moja na nusu kurudisha moto, na inakula uniti mbili na ushee. Juni na Julai muda unaongezeka, maana maji yamelala nje kwenye simtanki usiku kucha.

Kwangu lita zilitosha. Mama mkwe alipokuja kukaa nasi tulimpa chumba kipya chenye bafu lake, na asubuhi ya pili akaniambia kwa upole, "Mkwe wangu, maji ya huku hayana moto." Nikaenda kuangalia, hita imejaa moto. Kumbe bomba limezunguka nyumba mita 18 hadi kumfikia. Bomba la plastiki la PPR la nusu inchi kwa urefu huo inashika lita mbili na nusu, na kila koki ikifunguliwa yanatangulia hayo yaliyopoa. Simtanki langu liko kwenye mnara wa mita 3 tu, presha ndogo. Nilishika mkono chini ya koki nikahesabu: nusu dakika ikapita ndipo nikasikia joto. Mama wa watu alikuwa akijimwagia kopo la kwanza, anashtuka, anafunga, anamalizia na ya baridi. Mtu wa miaka sabini na kitu, asubuhi ya Julai. Iliniuma sana.

Nikamwita fundi. Akazima breka, akamwaga maji, akaifungua hita. Elementi ilikuwa imevaa ukoko mweupe kama wa sufuria la wali. Alipougonga kwa mpini wa bisibisi ulidondoka vipande vipande kwenye beseni. Tulitumia maji ya kisima miaka mingi, na chumvi yake ndiyo hiyo. Ile fimbo ya magnesiamu, inayowekwa ili iliwe yenyewe badala ya tangi, ilikuwa imebaki waya mtupu. Akabadilisha vyote viwili, na hita ikaanza kuchemsha mapema kama ilipokuwa mpya. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, yako ifunguliwe kwanza. Na akitokea fundi anataka kuziba valvu ya usalama kwa kuwa inadondosha matone, mkatalie kabisa. Maji yakipata moto yanatanuka, na yakikosa pa kutokea tangi linaweza kupasuka.

Bafu jipya nikaliwekea hita yake ndogo ya lita 15 ukutani, mita moja na nusu kutoka kwenye koki. Ya zamani ikabaki na upande wake. Mama anafungua, moto unamkuta pale pale.

Kuna watakaokushauri shawa ya umeme inayochemsha papo hapo. Ya wati 5,500 inavuta ampea 24, mbili zikiwashwa pamoja ni 48. Usiiunge kwenye laini ya soketi; inataka breka yake, waya mnene kuanzia kwenye breka, na ethi (waya wa kwenda ardhini) ya uhakika. Hita ya jua ni nzuri kwa huku kwetu, hasa Mei hadi Oktoba, ila paa lisiwe chini ya mwembe.

Tuandikie hapa bomba lako litakuwa la mita ngapi, wangapi wanaoga kabla ya saa moja asubuhi, na kama maji yako ni ya kisima au ya idara, tukupigie hesabu.