Mlima haujui kama unakimbia Capri Point

Juzi Jumapili niko zangu Kirumba hapa Mwanza nasubiri sato akaangwe, simu ikalia. Meseji ya kijana mmoja wa Buzuruga: "Kaka shikamoo, Desemba tunaenda Kilimanjaro na wenzangu wa ofisini, mimi napanda kilima cha Capri Point kila asubuhi mbio bila kupumzika, sasa hayo mambo ya kuumwa mlimani yatanihusu kweli?" Nikacheka peke yangu mpaka dada wa samaki akaniangalia. Swali lake sio baya, ila huyo kijana ni mimi kabisa, mimi wa miaka mitatu nyuma, na yale maneno hata ningeyaandika mwenyewe yasingefanana vile.

Maana na mimi nilikuwa nakimbia. Kirumba mpaka Capri Point, jiwe la Bismarck napita jua ndo linachomoza, siku nikijisikia naongeza na kilima cha Bugando. Kazini nikawa nawaambia watu mimi huo mlima naenda kuutembelea tu. Tukajiandikisha kwenye msafara wa tarehe 9 Desemba, si mnajua kila mwaka watu wanapanda kipindi kile kukumbuka mwenge uliowekwa kileleni 1961. Njia ya Marangu, siku tano. Siku tano ndo ilikuwa bei ya chini, na kiongozi wetu wa msafara akatuhakikishia zinatosha kabisa kwa vijana wenye mazoezi. Hiyo sentensi bado inaniuma, ila tuendelee.

Kingine kilichonidanganya ni huku kwetu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, basi njia nzima nawatania wa Dar, nyie mmezaliwa chini mtaipata. Uongo mtupu. Mwili unaanza kusumbuka kuanzia kama mita 2,500 hivi, kwa hiyo hizo zetu za Mwanza hazina msaada wowote, mimi na wa Dar tulikuwa ngoma droo.

Siku ya kwanza sina cha kusimulia, msitu, matope, jioni kambi ya Mandara chai na bisi. Siku ya pili Horombo, mita 3,720, nimefika wa kwanza nikakaa kwenye ngazi nawasubiri wazembe. Kichwa kikaanza palepale. Kama mtu amenifunga kamba usawa wa paji halafu kila nikiinama anaikaza. Jioni mwongozaji akapita na kale kadude kanakobana kidole kupima oksijeni, anauliza kila mtu, kichwa vipi, tumbo, umekula, umelala? Nikamwambia niko fiti kama chuma. Nikaingia kitandani nikameza Panadol mbili kimyakimya, gizani, bila maji.

Hapo ndo niliposhindwa mlima. Hapo hapo, sio kule juu.

Kesho yake kambi ya Kibo, mita 4,720, yaani tumepanda mita 1,000 kwa siku moja. Wanaojua wanasema ukishavuka mita 3,000, sehemu unayolala isizidi ya jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, sisi tulizidisha mara mbili na tukaona sifa. Supu ya maboga ikaletwa, harufu tu ikanitoa nje mbio. Bado nikasema ni tumbo la safari. Saa sita usiku tukaanza kupanda kwenye changarawe zile, unapiga hatua mbili unarudi moja, na kabla ya pango la Hans Meyer nikawa nakaa kila baada ya hatua kumi. Mwongozaji akasimama, akanimulika na tochi usoni. Akachora mstari kwa fimbo yake akaniambia tembea hapa, kisigino kiguse kidole. Jamani. Mtu mzima, sijaonja hata bia moja, nikayumba kama nimetoka kilabuni. Akasema, "Kaka, tunashuka." Nikamtukana. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa mama yangu anasoma. Akanishika mkono akanigeuza, mgumu mmoja, ndo wanavyoitwa wabeba mizigo kule, akachukua begi langu, na tulipofika Horombo kichwa kilikuwa kimeacha kama mtu amezima redio.

Wakati huo mama mmoja wa idara yetu ya fedha, miaka 52, goti bovu, anayesimama kila kona kupiga picha, amefika Uhuru, kileleni kabisa. Polepole yake hiyohiyo. Picha ikarushwa kwenye grupu, mtu akaandika chini "vipi mkimbiaji wetu?" na vikatuni vya kucheka kumi na tano. Nilivihesabu. Kwa hiyo nikikwambia mazoezi sio kinga sijasoma mahali, nimechekwa.

Tatizo ni hili. Asilimia ya oksijeni kule juu ni ileile ya Kirumba, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi unaingiza kidogo, na pale kileleni mita 5,895 unapata kama nusu ya anachopata mtu wa pwani. Mwili unaweza kuzoea ila unadai siku, na siku huwezi kuzilipa kwa misuli. Tena wenye misuli ndo tunajiponza kwa sababu miguu inakimbia damu haijajipanga.

Mwaka jana Septemba nikarudi. Niliweka hela miezi kumi na moja, sikumwambia mtu kazini. Machame, siku saba. Hii njia ina siku moja tamu sana kwa kazi hiyo, mnapandishwa mpaka Lava Tower, mita 4,600 hivi, mnakula mchana pale kichwa kinaanza kugonga, halafu mnashushwa kulala Barranco ambako ni chini ya mita 4,000. Panda juu lala chini, wagumu wanaimba hivyo kila siku. Na Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea urefu wa mlima, nilimeza safari hii, ila nilimuona daktari kwanza, akaniuliza kama nina aleji na dawa za salfa, usichukue tu kwa rafiki. Vidole vinachonyota kama vimekaliwa, unakojoa usiku kucha, na soda inakuwa haina ladha ya gesi, nilidhani wameniuzia mbovu.

Na mwongozaji akiuliza nilikuwa nasema. Kichwa mbili kwa kumi. Leo nne. Leo sijamaliza ugali. Nilitembea nyuma kabisa ya mstari, wamama wananipita, wazungu wa miaka 60 wananipita, nikawa nanyamaza, bhebhe hujui kazi iliyokuwa humo moyoni. Saa moja na nusu asubuhi nikashika ule ubao wa Uhuru nikalia, na sio machozi ya furaha peke yake.

Sasa nyie mnaoniuliza jaketi gani, viatu gani, mnaanzia pembeni. Nunua siku. Ukibakiwa na hela nunua siku nyingine. Tembea hadi uone aibu. Kunywa maji, kula hata kama hutaki, pombe na vidonge vya usingizi viache chini. Kichwa kikiuma sema, na kama kinauma usipande kulala juu zaidi mpaka kiache. Ukiona mwenzio anayumba, anaongea hovyo, au amekaa tu lakini anahema na kifua kinakoroma, huyo haendi kulala asubuhi tuone, anashushwa muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, maana ubongo au mapafu yanajaa maji na watu wanakufa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Vijana wa kiume ndo nawasema hasa, maana wamama wanasema wanapoumwa, sisi tunameza Panadol gizani.

Yule wa Buzuruga nikamuuliza mmelipia siku ngapi. Tano, Marangu. Nikamwambia leo hii mpigie kiongozi wenu aongeze ya sita mlale Horombo mara mbili, hela itoe kwenye hilo jaketi. Tiki za bluu tangu juzi, hajajibu.