Umri kwanza, mizani baadaye: kugawa makundi ya triathloni Tanga

Mkiandaa triathloni ndogo Tanga, watu 40 hivi, kuogelea mita 750 pale Raskazone, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5, ugomvi huja kwenye zawadi: nani yuko kundi gani.

Umri hauna mjadala mkifuata desturi ya kimataifa. Mshindani huhesabiwa umri atakaofikisha Desemba 31 ya mwaka wa mashindano. Aliyezaliwa Novemba 1986 akishindana Juni 2026 ni wa miaka 40, anaingia 40–44. Kitambulisho kinatosha. Lakini makundi ya miaka mitano mitano ni mengi mno kwa watu 40. Mtamvisha medali mtu aliyeshindana na kivuli chake. Yafanyeni ya miaka kumi kumi, na kundi lenye watu pungufu ya watano liunganisheni na la jirani. Litangazeni hilo kabla ya mbio, kamwe si baada ya matokeo.

Uzito ni jambo jingine. Marekani wanayo makundi mawili ya wazito: Clydesdale, wanaume wa ratili 220 kwenda juu, yaani karibu kilo 100, na Athena, wanawake wa ratili 165, karibu kilo 75. Mshindani huchagua mizani au umri. Hachukui zawadi kotekote. Kwetu pwani makundi haya yana haki yake kabisa. Mwili mkubwa huzalisha joto jingi, na ngozi ya kulitolea ni kidogo ukilinganisha na uzito. Hewa ikiwa na unyevu, jasho halikauki, linachuruzika tu. Kwenye baiskeli, barabara ikiwa tambarare, mzito hajambo. Anaumia kwenye mbio.

Mizani iwekwe kwenye sakafu ngumu, si mchangani wala juu ya mkeka. Ihakikini kwa maji ya dukani: katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina kilo 18 za maji, ukiacha plastiki. Pangeni katoni nne, msome 72 na ushee. Ikisoma 69, tafuteni nyingine.

Pimeni jioni ya kuamkia mbio. Mkipima asubuhi, aliyepungukiwa kilo mbili atabugia lita mbili za maji papo hapo, tofauti na bondia anayejikausha ili apungue uzito. Maji matupu mengi kwa mkupuo hushusha chumvi mwilini, na mtu huyo anakwenda kuogelea baharini. Mwenye kutapika au kizunguzungu asiingie majini.

Mkiwaachia kwa awamu kulingana na makundi, pishaneni dakika tatu tu, maji yakiwa yamejaa. Mkipishana kumi kumi, awamu ya sita inaingia dakika 50 baadaye, maji yanapwa, na muda wao haulinganishiki na wa kwanza.

Alama ya kundi iandikwe kwenye kigimbi kabla mtu hajajipaka mafuta, maana wino haushiki juu ya mafuta.